Gitaa lililopinda shingo bado lina sauti

Na Mwandishi Wetu

SI ajabu kukuta katika nyumba za Temeke, Tandika, Mwananyamala au Kinondoni gitaa la zamani lililolazwa juu ya kabati. Pengine lilinunuliwa na baba au mjomba aliyewahi kupiga muziki wa dansi, pengine liliachwa na mpangaji aliyehama. Shingo yake imepinda kwa joto na unyevu wa pwani. Vile vyuma vidogo vilivyolala kwa upana wa shingo, ambavyo wanamuziki huviita freti, vimeliwa na kutu. Nyuzi nazo zimepanda juu hata kidole cha mtu mzima hakiwezi kuzikandamiza bila kuumia. Chombo cha namna hiyo huhesabiwa kuwa kimekufa, na mwisho wake huwa kuni au mchezo wa watoto wadogo.

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Upo upigaji wa gitaa ambao hauhitaji kidole kukandamiza uzi hata kidogo. Mpigaji huketi, hulaza gitaa mapajani uso ukitazama juu, kisha hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi kwa mkono wa kushoto huku mkono wa kulia ukizidonoa. Kwa upigaji huu nyuzi zilizopanda juu huwa sifa, na freti zilizoliwa na kutu hubaki kuwa alama za kuongoza macho tu.

TANGU HAWAII HADI KINSHASA

Mtindo huu ulizaliwa katika visiwa vya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki, mwishoni mwa karne ya 19. Anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874. Inasimuliwa kwamba akiwa bado mwanafunzi aliokota kipande cha chuma kando ya njia ya reli, akakigusisha kwenye nyuzi za gitaa lake, na sauti aliyoisikia ikamfanya asiiache tena kazi hiyo. Mwaka 1904 alihamia Marekani bara, akapiga na kufundisha huko hadi alipofariki dunia mwaka 1932. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 ndiyo yaliyoueneza muziki wa Hawaii Marekani nzima, na kutoka hapo sahani za santuri ziliuchukua duniani kote.

Watu wengi hawajui kwamba gitaa la umeme lenyewe lilianzia hapa. Gitaa la kwanza la umeme kuuzwa kwa wingi, lililotokana na ubunifu wa George Beauchamp na kutolewa sokoni na kampuni ya Rickenbacker mwaka 1932, lilikuwa gitaa la kulazwa mapajani. Watu waliliita Kikaango kwa sababu ya umbo lake la duara na mpini mrefu. Kwa maana hiyo, kila gitaa la solo lililowahi kuungurumishwa katika kumbi za Dar es Salaam lina undugu na chombo hicho cha kutelezeshwa chuma.

Mlio wenyewe haukuchelewa kufika Afrika. Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyerekodi nyimbo zake kadhaa pamoja na wapigaji wa Hawaii, alisikika hata vijijini Kenya. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba juu ya kiumbe wa ajabu aitwaye Chemirocha, na jina hilo lilikuwa ni la huyo Jimmie Rodgers likitamkwa kwa ulimi wa wenyeji. Karibu na wakati huohuo, mjini Leopoldville, ambao sasa ni Kinshasa, mpiga gitaa Zacharie Elenga, aliyejulikana kwa jina la Jhimmy, alipata sifa kwa upigaji wake wa mtindo wa Hawaii katika rekodi za studio ya Opika. Kwa jirani zetu wa Malawi mtindo huu ulipata hata jina lake, hauyani, yaani Hawaii kwa matamshi ya huko, na Daniel Kachamba, aliyefariki mwaka 1987, ni mmoja wa walioupiga kwa ustadi. Nchini Nigeria, Demola Adepoju aliuingiza katika juju, na sahani ya King Sunny Adé ya mwaka 1982 iliupeleka mlio huo hadi Ulaya na Marekani.

Mkazi wa Dar es Salaam naye aliuzoea kupitia mlango mwingine, nao ni filamu za Kihindi. Van Shipley na wapigaji wengine wa India walilitumia sana gitaa la Hawaii kupiga tuni za filamu hizo, kwa sababu chuma kinachoteleza kinaweza kuiga sauti ya mwimbaji anayepanda na kushuka bila kukata. Mtu aliyekaa katika majumba ya sinema ya mjini siku za Jumapili ameusikia mlio huu mara nyingi, hata kama hakujua umetoka katika chombo gani.

Tukumbuke pia kwamba sauti ya kuteleza ni mali yetu ya tangu zamani. Zeze la Wagogo halina freti, na wala udi na fidla za taarabu hazina. Wapigaji wa vyombo hivyo hufika kwenye sauti kwa kuinyemelea, na husimama hata katikati ya sauti mbili ambazo freti za gitaa huzitenganisha kwa ukuta. Chuma kinapolala juu ya nyuzi huuondoa ukuta huo, na gitaa hupata lugha ambayo zeze na udi viliijua siku zote.

KULITAYARISHA GITAA

Kazi ya kwanza ni kulichunguza gitaa lenyewe. Linalofaa ni lile lililotengenezwa kwa nyuzi za chuma. Gitaa la nyuzi za nailoni lisitiwe nyuzi za chuma kamwe, kwa kuwa nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu inayoweza kufikia kilo 70 hivi, na daraja la gitaa la nailoni litang'oka. Mtoto asiachwe kukaza nyuzi kuukuu peke yake, maana uzi ukikatika unaweza kumpiga jichoni.

Kazi ya pili ni kuziinua nyuzi zaidi. Mahali pa kuziinulia ni kwenye kile kizingiti kidogo cha kichwani, pale nyuzi zinapopita kabla ya kufika kwenye vigingi vya kukazia. Kinatakiwa kipande kigumu cha kukalia juu yake, ili nyuzi ziwe juu ya shingo kwa kiasi cha milimita 10. Mfupa wa ng'ombe uliokauka hufaa, na kibanzi cha mpingo kutoka kwa wachonga vinyago wa Mwenge hufaa vilevile. Kipande hicho kipigwe tupa mpaka kilale sawasawa, kisha kichongwe mifereji sita mifupi. Nyuzi zote lazima ziwe katika kimo kimoja. Uzi mmoja ukizama chini ya wenzake, chuma hakitaugusa vizuri na utatoa mkwaruzo.

Kazi ya tatu ni kuzipanga nyuzi, au kutyuni kama wasemavyo wanamuziki. Tukihesabu kutoka uzi mwembamba kwenda mnene, gitaa la kawaida hupangwa E, B, G, D, A, E. Kwa upigaji wa chuma tunalegeza nyuzi tatu tu, kila mmoja kwa sauti moja nzima: uzi wa kwanza unashuka hadi D, wa tano unashuka hadi G, na wa sita unashuka hadi D. Zile nyingine haziguswi. Mpangilio unakuwa D, B, G, D, G, D, na nyuzi zote zikidonolewa pamoja bila chuma hutoa mlio kamili wa G. Faida yake kwa chombo kizee ni kwamba hakuna uzi uliokazwa kupita kawaida, hivyo shingo iliyopinda inapunguziwa mzigo. Asiye na kinanda cha kumpa sauti anaweza kutumia programu za kutyuni zilizomo katika simu za mkononi.

CHUMA KIPI KINAFAA?

Hapa ndipo majaribio yanapoanza, na gharama yake ni ndogo. Nilijaribu vipande vinne vinavyopatikana katika gereji na kwa mafundi wa vyuma chakavu wa Gerezani, kila kimoja kwa tuni ileile.

Shingo ya chupa ya soda ilitoa sauti laini lakini fupi. Kioo ni chepesi, na juu ya gitaa lililolazwa hukosa uzito wa kuutuliza uzi, hivyo kila mkono unapotetemeka kidogo uzi hulia zizizi. Pini ya pistoni ya pikipiki ilikuwa bora kwa mng'aro wake, lakini ni fupi. Hufunika nyuzi tatu au nne tu, nayo inamfaa anayeanza na nyuzi nyembamba peke yake.

Pini ya pistoni ya gari dogo ndiyo iliyoshangaza. Ina urefu wa milimita 60 hivi na unene wa 20, inazifunika nyuzi zote sita, chuma chake ni kigumu na kimesuguliwa kiwandani hata kinang'aa kama kioo. Kwa kuwa ina tundu katikati, uzito wake ni karibu gramu 100. Sauti ilidumu, na mkwaruzo ulikuwa mdogo.

Kipande cha nne kilikuwa nondo laini isiyo na tundu, iliyokerezwa kwa mashine hadi unene wa milimita 19 na kukatwa urefu wa milimita 76. Kipande cha vipimo hivyo huwa na gramu 170 hivi, na vipimo vyenyewe viko karibu sana na vya vyuma vinavyouzwa madukani Ulaya na Marekani kwa kazi hii. Sauti yake ilikuwa nene kuliko zote na ilichukua muda mrefu zaidi kufa. Pini ya lori ni nzito mno, humchosha mpigaji na kuzisukuma nyuzi nje ya sauti yake.

Funzo la majaribio hayo ni kwamba uzito na ulaini ndivyo vinavyotawala. Chuma chochote kiondolewe ncha kali kwa tupa, kisha kisuguliwe kwa msasa wa 400, wa 800 na mwisho wa 1200, mpaka ukucha upite juu yake bila kusikia kitu. Chuma cha kawaida hupata kutu upesi katika hewa ya bahari, hivyo kifutwe jasho kila baada ya kupiga na kipakwe mafuta kidogo.

MKONO UJIFUNZE KUSIKIA

Chuma hushikwa kwa kidole gumba upande mmoja na cha kati upande wa pili, cha shahada kikilala juu yake. Hakikandamizwi. Uzito wake wenyewe unatosha, na mpigaji anayekikandamiza atazigonganisha nyuzi na freti.

Sharti la kwanza ni mahali. Mpigaji wa kawaida hukandamiza nyuma ya freti, na freti ndiyo inayokata sauti. Mpigaji wa chuma hana msaada huo. Chuma lazima kisimame juu kabisa ya freti, na kikikosea kwa milimita mbili sikio litalalamika. Kwa hiyo jicho huongoza, lakini sikio ndilo linaloamua. Ikiwa freti zimeng'oka kabisa, pima urefu wa uzi kutoka kizingiti hadi daraja. Kwa uzi wa sentimita 64, nusu yake, yaani sentimita 32, ni mahali pa freti ya 12. Theluthi, yaani sentimita 21.3, ni freti ya 7, na robo, yaani sentimita 16, ni freti ya 5. Zilizobaki hupatikana kwa kugawanya urefu wa uzi kwa 17.8: freti ya kwanza iko sentimita 3.6 kutoka kizingiti, kisha urefu uliobaki unagawanywa tena kwa 17.8, na kuendelea hivyo.

Sharti la pili ni kunyamazisha. Chuma kinapolala juu ya uzi, sehemu ya mbele yake hulia, na ile ya nyuma, kuelekea kichwani, hulia pia kwa sauti isiyotakiwa. Kidole cha pete na cha mwisho vilazwe juu ya nyuzi nyuma ya chuma, vikikifuata kila kiendako. Wanafunzi wengi hukata tamaa wakidhani chuma chao ni kibaya, ilhali dawa ni vidole viwili tu.

Sharti la tatu ni kiasi. Anayeanza hutaka kila sauti iteleze, na muziki wake huwa kama king'ora cha gari la wagonjwa. Teleza pale ambapo mwimbaji angevuta sauti, na kwingine inua chuma kidogo uhame kimya. Mtetemo unaopamba sauti ndefu nao uje mwishoni, kwa kukiviringisha chuma kidogo mbele na nyuma ya mahali pake, polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto.

SAUTI MBILI ZA DANSI

Kila mpenzi wa dansi anajua jinsi gitaa la solo linavyopenda kupiga sauti mbili zinazoandamana, moja juu ya nyingine, kama waimbaji wawili: do na mi, re na fa, mi na sol. Wengi husema kwamba chuma kilichonyooka hakiwezi kazi hiyo, kwa sababu kila kilalapo hutoa mlio mmoja uleule. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli.

Katika jozi saba za namna hiyo, tatu zina nafasi pana, nazo ni do na mi, fa na la, sol na si. Nne zilizobaki zina nafasi finyu. Sasa tazama gitaa letu lilivyopangwa. Uzi wa 3 na wa 2 ukipigwa pamoja hutoa nafasi pana. Uzi wa 2 na wa 1 hutoa nafasi finyu. Kwa hiyo jozi zote saba zimo, mradi mkono wa kulia ujue ni nyuzi zipi za kudonoa. Tukiifanya C kuwa do, njia ni hii: do na mi kwenye freti ya 5, uzi wa 3 na wa 2, re na fa kwenye freti ya 3, uzi wa 2 na wa 1, mi na sol kwenye freti ya 5, nyuzi hizohizo mbili nyembamba, fa na la kwenye freti ya 10, uzi wa 3 na wa 2, sol na si kwenye ya 12, nyuzi hizohizo, la na do kwenye ya 10, uzi wa 2 na wa 1, si na re kwenye ya 12, nyuzi hizohizo, na do na mi ya juu kwenye freti ya 17, uzi wa 3 na wa 2. Ziandike namba hizi kwenye karatasi: 5, 3, 5, 10, 12, 10, 12, 17.

Njia hiyo ina kasoro moja. Kutoka do kwenda re mkono unarudi nyuma wakati tuni inapanda, hivyo hapawezi kuteleza. Dawa yake ni kukilaza chuma mshazari. Rudi kwenye uzi wa 3 na wa 2, weka nyuma ya chuma, upande ulio karibu na tumbo, juu ya freti ya 7 ya uzi wa 3, na ncha yake ya mbele juu ya freti ya 6 ya uzi wa 2. Utapata re na fa, na unaweza kufika hapo kutoka freti ya 5 kwa mteremko mmoja usiokatika. Jambo hili ni gumu, na kwa dakika 20 kila jioni huenda likachukua mwezi mzima kabla ya kuwa safi. Lakini likishakuwa safi, gitaa huimba rumba kwa namna ambayo vidole vitupu haviwezi kuiga.

CHOMBO KIWE NYUMBANI

Ndugu msomaji anaweza kuuliza, haya yote ni ya nini katika zama ambazo kinanda kimoja cha umeme kinaigiza bendi nzima?

Jibu limo katika historia ya dansi letu. Katika miaka ya 1960 na 1970 bendi nyingi kubwa zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ilikuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Utaratibu huo uliwapa wanamuziki mshahara na kuzaa nyimbo zinazopendwa mpaka leo. Hata hivyo, vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na aliyehama bendi aliliacha gitaa. Uhaba wa fedha za kigeni wa miaka ya 1980 ulipofanya nyuzi na vipaza sauti viwe adimu, wapigaji wengi hodari hawakuwa na chombo cha kumfundishia mtoto wao wenyewe. Ujuzi ulibaki ukumbini, na ukumbi ulipofungwa taa, ujuzi ulizimika nao.

Vijana wa viunga vya jiji walikwisha kuonyesha njia nyingine. Mchiriku ulijengwa kwa vinanda vidogo vya Casio vilivyokuwa kama vitu vya kuchezea, ngoma, na spika za honi zilizochakaa, vitu ambavyo wenye navyo walivitupa. Haukungoja chombo kutoka ng'ambo. Gitaa la mapajani linaweza kufuata njia hiyohiyo. Halihitaji mkono mkubwa wala vidole vyenye nguvu, hivyo linamfaa mtoto wa miaka 10, msichana au mvulana, na mzee ambaye vidole vyake vimekakamaa. Bila umeme sauti yake ni ya chini, na jirani wa chumba cha pili hatakuwa na sababu ya kugonga ukuta.

Kwa familia inayotaka kuanza, Jumapili ya kwanza itoshe kwa kusafisha gitaa, kuweka nyuzi na kuinua kizingiti. Ya pili itafutwe pini ya gari kwenye gereji, isuguliwe, na freti ya 5, 7 na 12 ziwekwe alama ya chokaa. Ya tatu uchukuliwe wimbo mmoja ambao kila mtu nyumbani anaujua, wa kanisani, wa kasida au wa kubembelezea mtoto, upigwe kwa uzi mmoja tu mpaka wasikilizaji wautambue bila kuambiwa jina lake. Siku mama au bibi akianza kuimba pamoja na chuma, sauti mbili za dansi zinaweza kufundishwa.